Mtoto anapimwa kilo, mamake je?

Mhariri,

Mie ni bibi wa hapa Kisauni, na haya nataka wasome mama wakwe wenzangu na wakubwa wa afya wa kaunti. Mkamwana wangu kajifungua juzijuzi na arubaini yake yote nilimshughulikia mie, kumkanda maji moto, uji wa pilipili manga, tumbo kufungwa leso, udi, hata kijiko hakuosha. Lakini alikuwa analia tu, mtoto akilala yeye halali, ukimpa amnyonyeshe anampokea kama kashikishwa mzigo wa mtu. Nikasema ni kijicho, tukamfanyia kombe, maji ya aya za Kurani anywe, wapi. Mwisho nikamnunia, eti anajidekeza, manake sisi tulizaa saba na hatukulia. (Uongo. Wa tatu nililia sana, ila nilikuwa nalilia bafuni.)

Binti yangu asomea unesi, yeye ndo alonifungua macho. Akanambia kule jangwa la Negev, kusini mwa Israel, kuna Waarabu wa Kibedui, nao wazazi wao wanakaa siku arobaini kama sisi, nyumba imejaa mama na mashangazi, na bado wakiulizwa vizuri wengi wanakutwa na huzuni nzito. Tena wengine vijiji vyao havitambuliwi na serikali, hakuna stima ya laini, kliniki mbali. Sisi kliniki twaenda kwa miguu!

Na hayo maswali yenyewe ya kupima huzuni ya mzazi ni 10 tu, yalichapishwa 1987 na yanaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh, hayataki mashine wala damu. Siku 7 hizi umeweza kucheka? Umejilaumu bure? Umewaza kujidhuru? Basi.

Sasa hesabu na mie, arubaini ikiisha, siku 2 mbele ni wiki 6, chanjo. Ndo mara ya kwanza mzazi anatoka nje. Tulienda, mtoto akapimwa kilo, akadungwa, ikaandikwa kwenye kijitabu, na mamake kasimama pale macho mekundu hakuulizwa hata umelalaje. Nesi simlaumu, foleni ilifika nje getini, lakini kwenye foleni hiyohiyo tulikaa masaa mawili bila kazi, si mkamwana angepewa karatasi ya maswali hayo ajaze huku anangoja?

Wiki 10 tunarudi. Nishamwambia mkamwana, wasipomuuliza wao nitauliza mie, na watu wote foleni wasikie.

Bibi wa wajukuu watatu,
Kisauni, Mombasa