Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Mkaa wa Pumba, Mchango wa Chakula na Utoro

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Ifakara.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE, MUHULA WA KWANZA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa hii. Tarehe ya kufungua imeandikwa chini ya ripoti ya mwanao. Kidato cha Nne wanabaki kambini wiki mbili. Choo cha wavulana kimekamilika.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike barua ndefu kuliko kawaida yangu.

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo 31 Januari 2024. Sisi tunalisha zaidi ya 400. Tulianza na gesi; mitungi ikawa inaisha katikati ya wiki, mpishi anarudi kwenye mafiga nyuma ya stoo, na mimi, nakiri, nikawa najifanya sioni moshi.

Walioona ni wanafunzi wa klabu ya sayansi. Kila mmoja wenu anajua vilima vya pumba vilivyo nyuma ya mashine za kukoboa hapa mjini. Katika kila kilo 100 za mpunga unazopeleka mashineni, takriban kilo 20 ni pumba, na nyingi zinachomwa palepale mpaka macho yanatuwasha sote. Vijana wakauliza: kwa nini zichomwe bure?

Majaribio ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Waliziacha pumba ziungue hadi zikawa jivu jeupe, na jivu haliwaki. Mara ya pili wakazimwagia maji mapema, zikiwa nyeusi, lakini wakachanganya na unga mbichi wa muhogo. Vipande vikakauka vizuri, vikavunjika mkononi kama biskuti. Ndipo binti mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye darasani humsikii, akasema: "Mwalimu, kwani nyumbani tunagundisha karatasi na unga mkavu? Si tunapika uji?" Wakapika uji wa muhogo. Mzazi mmoja akatuazima jeki ya lori ya kushindilia mchanganyiko, fundi wa kuchomelea akatengeneza fremu na vipande vya bomba, na siku ya nne juani mkaa ukawa mgumu, ukidondoka sakafuni unalia kama kigae.

Siku ya kuujaribu tulibandika sufuria mbili za maharage, moja kwenye kuni, nyingine kwenye mkaa wa pumba. Ya kuni ilitangulia kuiva, nisiseme uongo. Lakini mpishi alisimama kando ya ile ya pili bila kujifuta machozi hata mara moja, akaniambia, "Mkuu, leo nimeona sura ya maharage." Kasoro yake ni jivu: pumba zina jivu jingi kuliko mti, kwa hiyo jiko linataka kukung'utwa mara kwa mara. Pia mkaa ni mkaa, hewa yake inaua; asiuwashe mtu chumbani na mlango umefungwa eti kwa sababu umetengenezwa na mwanawe.

Unaozidi wanawauzia mama lishe wa stendi. Daftari la mauzo wanaandika wenyewe, na fedha zinaingia kwenye fungu la chakula cha wanafunzi 31 ambao bodi ya shule ilijiridhisha kuwa nyumbani kwao hakuna uwezo kabisa. Nimefundisha miaka 22, na sijawahi kuona somo la Biashara likieleweka namna hii. Mhazini wao aliwahi kuninyima shilingi 2,000 ya vocha kwa sababu sikuwa na kibali. Nilichukia, kisha nikafurahi.

Furaha yangu inaishia hapa.

Elimu bila ada ilipoanza 2016, ile ada ya 20,000 ya shule za kutwa iliondoka. Chakula cha mchana hakikuondoka. Kilibaki kwa mzazi. Januari tulikaa chini ya mwembe, mkanyoosha mikono wenyewe: madebe 2 ya mpunga au 25,000/= kwa muhula. Leo wazazi 163 hawajaleta hata kibaba. Nilipowafuata, jibu nililopata zaidi ya mara moja ni hili: "Si mna mkaa sasa? Uzeni mkaa."

Naomba tuelewane. Mkaa wa watoto ni wa wale 31. Si wa mzazi mwenye pikipiki mbili za bodaboda na heka 6 za mpunga. Mtoto wa miaka 15 ameshinda na masizi mpaka kwenye nyusi ili mwenzake ale, halafu mtu mzima anakuja kujificha nyuma ya jasho lake! Simfukuzi mwanafunzi kwa mchango, na sitamfukuza. Lakini orodha ya wasiolipa itasomwa kwenye mkutano wa Julai kwa majina ya wazazi, si ya watoto.

Pili, vijana watatu wa Kidato cha Tatu walitorosha magunia mawili ya mkaa usiku, wakayauza, wakala chipsi. Adhabu wameshapewa na fedha wanarudisha kwa kufyatua mkaa. Kilichoniuma ni mzazi aliyekuja ofisini kunikaripia kwamba mwanawe "kauza mali yake". Ndugu yangu, kama ni mali yake, kwa nini alipitia dirishani?

Tatu, utoro. Aprili na Mei wanafunzi 57 walipotea zaidi ya siku kumi kwenda kuamia ndege mashambani. Najua kwelea kwelea hawana huruma. Nami nina shamba. Lakini Kidato cha Pili wana mtihani wa taifa Novemba, na hakuna swali la kupiga debe na kurusha kombeo. Muhula ujao mtoro wa siku tano anarudi na mzazi, au harudi darasani mpaka mzazi afike.

Sare, nywele na simu: utaratibu ni uleule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule

N.B. Jeki ya lori inarudi kwa mwenyewe likizo hii, ana safari. Mwenye nyingine aje nayo siku ya kufungua. Mpunga wake nao tutaupokea.