Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: muulizeni mama kuhusu jasho

Mheshimiwa Waziri,

Mwanangu alikuwa na wiki saba. Ananyonya dakika mbili, anaachia ziwa, analia kama aliyefinywa, paji la uso limelowa jasho. Nikaambiwa ni chango. Baadaye nikaambiwa nimonia. Alipofikisha miezi minne ndipo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikaonyesha kuwa mshipa wa kushoto unaolisha msuli wa moyo ulichipuka kwenye ateri ya mapafu badala ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Moyo ulikuwa umeshachoka. Hakuwahi upasuaji.

Madaktari wanauita ALCAPA. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya 300,000, na wasiopasuliwa, karibu tisa katika kumi hawamalizi mwaka.

Mtoto wa namna hii huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa siku za mwanzo shinikizo la damu mapafuni bado liko juu na mshipa ule unapata damu. Wiki chache baadaye shinikizo linashuka, damu inaanza hata kurudi nyuma kuelekea mapafuni, na msuli wa moyo unakufa njaa. Kunyonya ndiyo kazi nzito ya mtoto mchanga, kwa hiyo maumivu huja pale pale kifuani pa mama. Kile kifaa cha kidoleni hakimgundui, maana oksijeni yake kwa kawaida iko sawa.

Wiki ya 6, ya 10, ya 14: hizo ni siku za chanjo, Mheshimiwa, na ndizo wiki ambazo moyo huu unaharibika. Zote tatu nilikuwepo kwenye benchi, kadi mkononi. Alipimwa uzito, mstari ukalala, nikaambiwa nimnyonyeshe zaidi.

Naomba swali moja liingizwe kliniki: mtoto anatoka jasho au kulia akinyonya? Jibu likiwa ndiyo, apimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, na apewe rufaa ya eko. ECG ya watoto hawa mara nyingi huonyesha alama za shambulio la moyo, kama la mtu mzima. Swali hilo litawafaa pia watoto wenye matundu kwenye moyo, ambao ni wengi zaidi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inapasua watoto. Lakini lazima kwanza mtu amtilie shaka mtoto, huku chini.

Kwenye simu yangu kuna video yake akinyonya, sekunde arobaini. Nipo tayari kuwaonyesha wanafunzi wa uuguzi, chuo chochote mtakachonituma.

Mama yake,
Morogoro