Kuoga Mara Saba

Bukoba, Jumanne jioni

Dada yangu mpenzi,

Bwana Yesu asifiwe. Huku hatujambo. Mvua zimeanza, na shemeji yako anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua ila sasa anatembea bila fimbo. Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena usiku, na nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka hasira niliyokuwa nayo kwa ajili yako itulie kwanza.

Nianze na haki yako. Mtu aliyeongoza Umoja wa Wanawake wa kanisa miaka tisa hatuliwi mzigo kwa tangazo la Jumapili, mbele ya watu, bila kuitwa kwanza na kuelezwa. Hilo ni kosa, na mimi sitakuambia ulimeze. Lakini umeandika pia kwamba umepangiwa kusaidia shule ya Jumapili chini ya binti uliyemsimamia kipaimara wewe mwenyewe, na kwamba hutakanyaga kanisani mpaka uombwe radhi. Hapo ndipo nimeshindwa kulala. Naomba nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza, ingawa tunajuana tangu tulipolala kitanda kimoja, wewe juu mimi chini, kule bwenini.

Mwaka juzi nilikuwa mtunza hazina wa kwaya. Tulichanga fedha za sare, na siku ya kuzipeleka kwa fundi nikahesabu zikapungua shilingi 85,000. Nikamkumbuka binti mmoja wa sauti ya kwanza aliyebaki kunisaidia kupanga stakabadhi. Sikumshtaki. Nilifanya baya zaidi: nilisimama mbele ya kwaya nikasema, "Aliyezichukua anajijua," huku macho yangu yako kwake. Kila mtu aliona ninakotazama. Wiki iliyofuata hakuja mazoezini, wala ile iliyofuata, na mimi nikasema moyoni, si unaona.

Baada ya miezi miwili nilikuwa nachagua kanga sandukuni nimpelekee mkwe wangu aliyejifungua. Nikaikunjua moja, fundo likanigonga mkononi. Ndani yake noti nane za elfu kumi na moja ya elfu tano. Nilizifunga kwenye pindo mimi mwenyewe siku ile, mvua ilikuwa inanyesha, nikasahau.

Unajua nilifanya nini? Nilifunga siku tatu. Nilinunua mbuzi nikampeleka kanisani siku ya mavuno. Nikaahidi mbele za Mungu kulipia sare za wanakwaya wawili wasio na uwezo, na nikalipa. Vyote hivyo nilivifanya kwa machozi ya kweli, dada, na vyote vilikuwa vya kukwepa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu hadi nyumbani kwa yule binti.

Ndipo Jumapili moja likasomwa neno la Naamani, 2 Wafalme sura ya 5. Tumelisikia tangu utotoni, lakini siku ile lilisomwa kama barua iliyoandikwa jina langu. Jemadari wa Shamu, yaani Siria, mtu mkubwa, mwenye ukoma. Anafunga safari na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10. Anasimamisha farasi na magari yake mlangoni kwa nabii Elisha, na Elisha hatoki nje! Anamtuma mtu tu: nenda ukaoge katika Yordani mara saba. Naamani anaondoka kwa hasira, kwa maana alikuwa ameshajipangia jinsi atakavyoponywa. Nabii angetoka, angesimama, angeliitia jina la Mungu wake na kupunga mkono juu ya ugonjwa. Tena kwao Dameski kuna Abana na Farpari, mito mizuri kuliko maji yote ya Israeli. Watumishi wake ndio waliomsogelea wakamuuliza: baba, kama nabii angekuambia jambo kubwa, usingelifanya?

Nilikuwa nimekaa benchi la tatu nikainamisha kichwa. Mbuzi wangu ndiye aliyekuwa talanta zangu. Mungu hakuniomba mbuzi.

Tangu siku ile nimelirudia neno lile mara nyingi, na kila mara naona kitu. Angalia ni nani waliomwokoa jemadari yule. Habari za nabii alizipata kwa kijakazi, msichana mdogo aliyetekwa kutoka Israeli, ambaye hata jina lake halikuandikwa. Shauri la kwenda mtoni alipewa na watumishi. Dawa yenyewe aliletewa na mjumbe. Hakuna hata mmoja wa cheo chake. Na ili aoge ilimbidi avue, na akivua, wale waliozoea kumwona katika mavazi ya vita wanauona ukoma. Halafu hizo mara saba! Biblia haisemi kwamba mara ya tatu alianza kupata nafuu. Mimi huwaza hasa ile mara ya sita, maji yanamtiririka, watumishi wanamtazama, na bado anatakiwa kuinama tena. Sijui pale imani inaishia wapi na utii unaanzia wapi. Naona ni kitu kimoja, mtu mzima anajizamisha majini kwa sababu ameambiwa.

Jumatatu asubuhi nikaenda. Yule binti alikuwa nje ya jiko anamenya ndizi, utomvu umemjaa mikononi. Akainuka, akanipa kifundo cha mkono kwa kuwa viganja vilikuwa vichafu, akaanza kupiga goti anisalimu kama ilivyo kwetu. Nikamzuia, nikapiga mimi. Nilikuwa nimetunga maneno mengi njiani, yakabaki mawili tu, "Mwanangu, nimekosa," na baada yake, "Fedha zilikuwa kwangu." Alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, nilikuwa nakusubiri." Basi. Nikachukua kisu tukamenya pamoja mpaka kikapu kikaisha. Mama yake alikuwa ndani, alisikia kila kitu, na hakutoka. Mpaka leo tukikutana hunijibu kwa kichwa tu. Namwelewa, sijachoka kumsalimu. Alhamisi nilisimama mbele ya kwaya nikarudia, kwa kuwa kosa nililitenda mbele ya kwaya. Binti alirudi baada ya majuma matatu.

Bibi yangu angeliona jambo hili dogo sana. Yeye alikuwa wa Uamsho, ule mwamko wa Wakristo wa Afrika Mashariki wa kutubu na kuungama hadharani, unakumbuka nilivyokuwa nakusimulia. Mwaka 1929 kule Namirembe, Uganda, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja na Biblia na kuomba. Kisha moto ukawaka hospitalini Gahini, Rwanda, mahali alipofundisha Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, aliyefariki Januari 1936 akiwa bado kijana. Kutoka huko ukavuka mpaka kwetu Buhaya. Watu walirudisha vitu walivyoiba, na wamisionari Wazungu wakaomba radhi kwa Waafrika waliokuwa wakiwadharau, hadharani, jambo ambalo siku zile za ukoloni halikuwa jepesi hata kidogo. Bibi alitembea nusu siku kurudisha jembe la watu ambalo hata mwenye jembe alikuwa ameshalisahau. Sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka. Nao walikuwa na kasoro zao, nisikufiche. Wengine walifika mahali wakaanza kupimana nani amevunjika zaidi, na hapo unyenyekevu ukageuka kiburi chenye sauti ya upole. Lakini lile jembe lilirudi kwa mwenyewe, dada. Hilo siwezi kulicheka tena.

Sasa wewe. Usifikiri nakuambia ukae kimya. Wale watumishi wa Naamani walikuwa watii, na bado walimwambia bwana wao ukweli akiwa amekasirika. Mwendee mchungaji, ukae naye, umweleze jinsi tangazo lile lilivyokuumiza, na kama kuna hesabu za Umoja unazotaka zikabidhiwe vizuri, zidai. Ila usiwafanye watoto wa shule ya Jumapili wangoje mpaka mchungaji atubu. Hao hawajakukosea neno.

Wala usijilazimishe kusema kwamba wewe si kitu. Unajua kuongoza, nami najua unajua. Yohana sura ya 13 inasema Yesu, akijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, ndipo alipoondoka chakulani, akajifunga kitambaa kiunoni, akaanza kuwatawadha miguu. Alijua. Hakuna mahali alipojidanganya kuwa ni mdogo. Kwa miaka mingi nilidhani unyenyekevu ni kujishusha thamani, ndiyo maana ulinishinda. Sikuwahi kufaulu kujiamini duni kwa zaidi ya siku mbili. Yeye alikuwa na vyote mikononi, na mikono hiyohiyo akaiingiza kwenye beseni.

Halafu huyo binti. Jiweke mahali pake. Umri wake ule, anaambiwa asimamie watoto huku mama aliyemsimamia kipaimara anakuja kuwa chini yake. Mimi ningetetemeka. Pengine hata yeye hajalala vizuri tangu tangazo lile. Na wewe ndiye uliyetusimulia hadithi bwenini taa zikishazimwa, mpaka mlezi anagonga ukuta, na wa vitanda vya mbali wanakuja kukaa sakafuni na mablanketi wasikie Daudi alivyookota mawe matano. Nakumbuka ulivyokuwa unayahesabu yale mawe mojamoja. Sijasikia mtu mwingine akisimulia vile tangu hapo.

Nakuombea kila usiku, na shemeji yako pia, kwa jina. Nimekutumia kahawa kidogo kwa dereva wa basi, ulizia stendi Ijumaa mapema. Jumapili nitakupigia saa nane mchana. Uniambie watoto walikuwa wangapi.

Dada yako katika Bwana