Mteja anayesema kweli alindwe na sheria

Ndugu Mhariri,

Bunge linapokaa, vyumba hapa Dodoma huwa adimu, na mgeni anayeshuka stesheni ya SGR bila mwenyeji hutafuta gesti kwenye simu, akisoma waliolala hapo kabla yake wamesema nini. Maoni hayo yanamfaa pale tu walioyaandika hawakuogopa. Tunaomba wabunge waweke kifungu kitakachobatilisha sharti lolote la mkataba linalomzuia mteja kusema ukweli kuhusu huduma aliyolipia.

Marekani walifanya hivyo Desemba 2016, baada ya masharti ya namna hiyo kuwaumiza watu. Kampuni moja ya kuuza vitu mtandaoni iliwadai wanandoa wa Utah dola 3,500 kwa kuilalamikia hadharani. Sheria yao inagusa zile fomu ambazo mteja husaini tu, bila nafasi ya kujadiliana. Sharti la kumziba mdomo au kumtoza faini ni batili tangu linapoandikwa. Mwongo na mtukanaji hawalindwi, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwetu, mtu anaweza kuegemea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, isiyotambua makubaliano yanayopingana na maslahi ya umma. Ila hilo huamuliwa na mahakama, na nani atakwenda mahakamani kwa chumba cha shilingi 40,000? Ataona heri afute alichoandika.

Kinachotisha ni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, chenye faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Tunasihi kisomwe chote. Kinamhusu anayechapisha jambo akijua ni la uongo, tena kwa nia ya kukashifu, kutisha au kupotosha umma. Mteja mkweli hayumo humo, na ushahidi utamsaidia kuonyesha hivyo.

Kwa hiyo aandike kama anayetoa maelezo polisi. "Hawa matapeli" ni tuhuma ya jinai, na akishindwa kuithibitisha amejitia kwenye kesi ya kashfa. Aandike hivi: "Tarehe 4 nililipa 40,000 kwa chumba chenye maji ya moto. Hayakutoka siku zote mbili. Niliomba kuhamishwa, mapokezi wakakataa." Risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti, inaonyesha jina la biashara, tarehe, saa na kiasi, aipige picha siku hiyohiyo, maana maandishi yake hufifia. Ujumbe wa malipo ya simu asiufute. Asiweke jina wala picha ya mhudumu, kwa sababu anayelalamikiwa ni biashara, na taarifa binafsi zina sheria yake ya 2022. Rai kama "sitarudi tena" ikae mwishoni, mbali na matukio. Kasoro ikirekebishwa, aongeze hilo chini ya maoni ya kwanza bila kuyafuta.

Kifungu tunachokiomba kisiishie kwenye gesti. Gereji, kumbi za harusi, zahanati binafsi na wapangishaji nao wana fomu zao. Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003, izikague na kuagiza masharti hayo yafutwe, ili mlalamikaji aanzie kwenye Tume badala ya mahakamani.

Wadau wa haki za mlaji,
Dodoma