Barua kwa Mama Shamim kuhusu safari ya mawe

Namatala, Mbale

Mpendwa Mama Shamim,

Assalaam aleikum. Sisi tuko, mvua inanyesha, malewa tunakula, watoto wanakusalimu wote. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Sauda na najua umeninunia. Endelea kuninunia baadaye, leo nina shida na wewe ndiye wa kunijibu.

Yule Mjerumani mwenye ndevu niliyempikia mlimani Elgon ananitaka niende Oman kupika. Ngoja, usianze kupiga kelele. Si kazi ya ndani. Ni kupika jangwani kwa kundi la wazungu wanaolipa pesa nyingi watembezwe wakitafuta mawe. Mawe, Mama Shamim! Vimondo. Wanatoka Muscat kwa magari, wanalala kwenye mahema katika tambarare ya Jiddat al-Harasis, asubuhi wanajipanga mstari na kutembea wameinamisha vichwa kama watu waliodondosha sarafu sokoni. Anasema ardhi ya kule ni ya chokaa, nyeupenyeupe, na mvua ni ya nadra, kwa hiyo jiwe jeusi lililoanguka maelfu ya miaka iliyopita bado limelala palepale na unaliona kwa mbali. Ukiliokota utalisikia zito kuliko ulivyodhani, nje lina ganda kama limeungua, na sumaku inalivuta. Eti kule wameshaokota hata vipande vya mwezi.

Mama yangu kusikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. "Wanalipa kutafuta kitu kilichotufuata hapa bure?" Unajua hadithi yake ya Agosti 14, 1992, mchana ule mawe yalipomwagika hapa Mbale kwa mingurumo, watu wakadhani ni mabomu. Kuna mtoto alipigwa na kijiwe kichwani, lakini kilianzia kwenye jani la mgomba, hakikumuumiza. Nami nilidhani hicho kijiwe cha mgomba ni chumvi ya mama, kumbe Mjerumani anakijua vizuri, ameniambia mpaka uzito wake, gramu 3 na kidogo. Yote yaliyoanguka siku ile wanakadiria kilo 150. Na wapo waliosaga wakanywa kama dawa ya ukimwi, maana walisema yametoka kwa Mungu. Miaka ile, wewe ungewalaumu?

Basi baada ya mawe wanateremka Shisr kwenye magofu, halafu Salalah kwenye ubani. Baba mdogo alipolisikia jina la Shisr aliweka kikombe chini. Akanisomea Surat al-Fajr, mji wa Iramu yenye nguzo, watu wa Adi na Nabii Hud, nikajua chai itapoa. Wapo wanaosema Shisr ndiyo Iramu yenyewe, tangu wachimbaji walipoufukua mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakisaidiwa na picha zilizopigwa kutoka angani, zinazoonyesha njia za zamani za misafara ya ngamia. Wapo wanaokataa katakata. Kilichopo ni ngome ambayo sehemu yake ilitumbukia, ardhi ya chini ilipobomoka. Lakini lililonimaliza mimi ni hili: mwaka 1932 Mwingereza Philby aliingia jangwa la Rub' al-Khali, upande wa Saudia, akiutafuta mji huohuo, kwa kuwa Wabedui walikuwa na habari za mji ulioteketezwa kwa moto kutoka mbinguni. Akafika. Mji hakuna! Alikuta mashimo ya kimondo, chuma, na mchanga uliogeuka kioo cheusi. Baba mdogo akasema, "Sasa, moto si ulikuwapo?" Hapo Mjerumani alikosa la kumjibu.

Unaona jinsi ninavyozungukazunguka. Ukweli ni kwamba nataka kwenda. Kupika naweza, baridi ya hema naijua, na mshahara wenyewe nitakwambia kwa mdomo, si kwenye karatasi. Ila kuna mambo mawili yananikosesha usingizi. La kwanza mawe yenyewe. Mjerumani mwenyewe ananiambia Oman hawataki yatolewe nchini bila kibali, na mwaka 2011 Wamarekani wawili waliokuwa wakiyatafuta walifungwa huko. Yeye ana vibali vyake, sawa, lakini hao wageni wake? Mtu akificha jiwe kwenye gunia langu la mchele, uwanja wa ndege nani ataulizwa? Si mzungu, ni mpishi. Nimemwambia sufuria zangu nafungasha mwenyewe na hakuna atakayezigusa. Akacheka. Mimi sikucheka.

La pili unalijua kuliko mimi. Wewe ulipokwenda kazi huko ulichukuliwa pasipoti siku ya kwanza, na mpaka leo hujanisimulia yote, nami sikuulizi. Lakini hili niambie. Wakala anayeshughulikia viza anataka pasipoti "aitunze ofisini", na Mjerumani anaona ni jambo la kawaida tu. Mimi naona... hapana, wewe niambie unavyoona.

Mkataba nimempa Waiswa wa basi la Busia, atakuletea kesho. Una kurasa za Kiarabu, mpe Shamim akusomee polepole. Kiingereza na Kiarabu vinasema kitu kimoja? Jina la mwajiri ni la Mjerumani au la huyo wakala? Nikisema pasipoti haitoki mkononi mwangu, watanifukuza au watazoea? Yule Mswahili wa Salalah aliyekusaidia kurudi bado ana simu ileile, na ninaweza kumpigia nikikwama? Na wanawake wapishi jangwani na wanaume wote hao, inakuwaje, wanapewa hema lao?

Jibu kabla ya Ijumaa, kwa maana Ijumaa ndiyo natakiwa kutia sahihi. Na Rehema usimwambie, atanitangulia uwanja wa ndege.

Wako,
Zaina