Programu ya stoo ya mwaka 1999 na kompyuta uliyonunua jana

Mteja anaingia ofisini kwetu na kompyuta mpya, gundi ya boksi bado iko kwenye kona. Mashine ina kasi, anasema, hana tatizo nayo, ila programu ya stoo imegoma. Amebeba folda nzima kwa flashi kutoka kwenye mashine ya zamani, akabofya mara mbili, na Windows 11 ikamjibu kuwa programu hiyo haiwezi kufanya kazi hapo. Aliyemuuzia kompyuta kamshauri anunue programu mpya na kuingiza bidhaa zote upya, moja moja. Zaidi ya bidhaa elfu nne! Tunamwambia aketi kwanza.

Programu nyingi za stoo, za mikopo ya SACCOS na za ada za shule tunazoletewa ziliandikwa miaka ya 1990 kwa Clipper au FoxPro, lugha za kuandikia programu za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Hizo ni programu za biti 16. Windows XP, na hata Windows 10 ya biti 32, zilikuwa na kitu ndani yake kiitwacho NTVDM, kazi yake kuidanganya programu ya DOS iamini iko kwenye kompyuta ya enzi zake. Windows za biti 64 hazina kitu hicho, kwa sababu prosesa ikishaingia hali ya biti 64 haitoi tena njia ambayo NTVDM ilikuwa inaitegemea. Na Windows 11 haina toleo la biti 32. Kwa hiyo kule kubofya kulia ukachagua iendeshwe kama Windows XP ni kupoteza mchana.

Mali yako lakini iko salama. Fungua ile folda utaona majina yanayoishia na .DBF. Humo ndimo walimo wateja wako, bidhaa, bei na madeni. Zile za .NTX, .CDX au .IDX ni faharasa tu, zikiharibika zinatengenezwa upya kutoka kwenye DBF. Za .DBT na .FPT zina maelezo marefu, na hizo ukizisahau huzitengenezi tena. Ukitaka kuhakikisha data ipo, LibreOffice Calc inafungua DBF bila shida. Fungua nakala, siyo faili lenyewe, na usibonyeze kuhifadhi, kwani mpangilio wa safu unaweza kubadilika na programu yako ikalikataa faili lake yenyewe. Tumeshaletewa kesi hiyo zaidi ya mara moja.

Kwa programu za DOS tunatumia vDos, programu inayoigiza kompyuta ya DOS ndani ya Windows. Wengi wanakimbilia DOSBox, ambayo ni nzuri sana, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Watu wawili wakiuza kwa wakati mmoja kwenye data ileile, kufunga rekodi ndiko kunakozuia mmoja asifute kazi ya mwenzake, na vDos ilitengenezwa ikijua hilo. Inajua pia habari za printa. Programu ya zamani hupeleka karatasi LPT1 na haijui kwingine, wakati kompyuta mpya haina tundu hilo. Ukinunua ule waya wa kuunganisha printa ya zamani na USB, Windows itaiona printa, programu haitaiona. vDos hupokea kile kilichotumwa LPT1 na kukikabidhi kwa printa ya Windows. Epson LX-300 yako itaendelea kupiga kelele na kutoa nakala tatu kama kawaida.

Visual FoxPro, yaani FoxPro ya Windows, ni habari nyingine. Toleo la 9 lilitoka mwaka 2004, Microsoft wakaacha kulihudumia Januari 2015, na hadi leo linafanya kazi kwenye Windows 11 kwa sababu ni la biti 32. Ubaya wake ni kwamba linakubali kufunguka, kisha linakutesa kimyakimya.

Duka moja la vifaa vya ujenzi lilikuwa na kompyuta moja na wauzaji wawili, kila mmoja na akaunti yake ya kuingilia. Asubuhi saruji iliyobaki ilikuwa mifuko 140, jioni mwenzake akifungua anaona 212. Mwenye duka alikuwa ameshaanza kumtilia shaka kijana wa zamu ya jioni. Hakuna aliyeiba. Programu ilikuwa imewekwa ndani ya Program Files, na tangu Windows Vista programu ya namna hiyo, ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida, hairuhusiwi kuandika humo. Badala ya kuikatalia, Windows huchukua kile inachoandika na kukificha kwenye folda ya mtumiaji huyo, ndani ya VirtualStore. Kila muuzaji alikuwa na stoo yake, na hakuna aliyejua. Tuliyatoa mafaili yote mawili, tukaoanisha mauzo ya wiki tatu kwa daftari, tukahamishia programu kwenye folda ya kawaida nje ya Program Files. Kijana bado yuko pale.

Wanaotumia data kwenye mashine ya XP iliyobaki kama seva, kompyuta mpya hazitaiona, kwa kuwa XP inazungumza SMB1 tu, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao, na Windows mpya huja bila hiyo. Usikubali fundi akuwashie SMB1 ili kumaliza haraka. Ndiyo mlango uliopitiwa na kirusi cha WannaCry mwaka 2017. Tunahamisha data kwenye mashine mpya, XP inastaafu.

Kuna kazi tunazokataa, au tunazikubali kwa muda tu huku tukihamisha data kwenda kwingine. Mfano ni programu iliyoandikiwa VAT ya Tanzania ya asilimia 20 ndani ya msimbo wake, kabla haijashuka kuwa 18 mwaka 2009, na aliyeiandika hapatikani wala hakuacha mafaili ya .PRG, yenye msimbo wenyewe. Wapo wanaopiga hesabu ya VAT pembeni kwa kikokotoo na kuiachia mashine ya EFD itoe risiti. Inawezekana, lakini mwisho wa mwezi hesabu mbili zinagombana na anayeumia ni mhasibu. Ukiwa na matawi matatu pia, tutakushauri uhamie programu nyingine.

Ukija, njoo na mashine ya zamani yenyewe, usilete flashi peke yake. Watu hunakili programu na kuacha folda ya data iliyo kwenye diski D. Hata kama skrini imekufa, lete. Skrini tunayo.