Kahindi, wasing'oe kitu kwanza

Perm, Urusi

Ndugu yangu Kahindi,

Salamu sana. Huku sote wazima, ila baridi. Mto Kama umeganda, watu wameketi juu ya barafu wakivua samaki kwa vitundu, na wala hawaonekani wendawazimu. Mama Karisa mwambie dawa yake nimeiulizia, nitampigia mwenyewe. Salamu nyingine utazigawa, maana nina neno.

Ile sauti uliyonitumia juu ya kikao cha wazee nimeisikiliza nikairudia. Yaani kweli wamefika hapo? Vigango, zile nguzo za mbao tunazowachongea wazee wetu waliofariki, ving'olewe vipelekwe makumbusho "vikalindwe"? Hofu yao naielewa. Nani asiyejua vinavyoibwa usiku na kuuzwa kwa wageni? Vile 30 ambavyo makumbusho ya Denver yaliamua mwaka 2014 kuvirudisha Kenya, havikwenda Marekani kwa miguu. Lakini kabla Mzee Ngonyo hajatia kidole gumba kwenye karatasi yoyote, nisomee haya.

Hapa mjini kuna jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1922. Ni kubwa, lina vitu karibu 50,000, zikiwemo ikoni, zile picha takatifu za kanisa, za akina Stroganov, wale matajiri wa chumvi waliolitawala eneo hili. Hizo ikoni nazipita haraka. Kinacholeta watu ni kile wanachokiita wenyewe "miungu ya Perm": sanamu za mbao karibu 400, Kristo, watakatifu, malaika, nyingi zikiwa zimechongwa na watu wa vijijini huko kaskazini tangu karne ya 17.

Wenyeji wa huko ni Wakomi-Permyaki. Walibatizwa karne ya 15, masanamu yao ya kale yakakatwa na kuchomwa, lakini mkono uliozoea kuchonga haukuacha. Ikawa sasa wanachonga watakatifu. Mwaka 1722 Sinodi, baraza kuu la kanisa la Urusi, ikapiga marufuku sanamu za kuchonga makanisani. Unadhani walisikia? Zilizoondolewa zilifichwa ghalani na kwenye minara ya kengele, na huko vijijini mbali uchongaji uliendelea kana kwamba barua haijafika. Kijiji ni kijiji, Kahindi.

Kuna moja ambayo kila nikienda naishia kwake. Ni Kristo ameketi gerezani na taji la miiba, mkono wa kulia ameuinua karibu na shavu. Wanasema anajikinga kofi. Uso wake si wa picha za kalenda za kwetu: mashavu mapana, macho membamba, ni mkulima wa hukohuko. Na baadhi ya sanamu za namna hii walizivalisha vazi halisi la nguo. Halafu sikia hili: watu waliamini kwamba usiku anatoka kutembea, basi wakawa wanamwekea viatu, vikichakaa wanamletea vingine. Nilivyosikia hivyo nilicheka, kisha nikakumbuka vile vitambaa tunavyovifunga kwenye kigango na pombe ya mnazi tunayomwaga chini. Sikucheka tena.

Sasa zilifikaje mjini? Miaka ya 1920 kijana mmoja, Nikolai Serebrennikov, alizunguka vijijini kuzikusanya. Serikali mpya haikutaka dini, makanisa yalikuwa yakifungwa, na mbao zinaoza au zinaingia jikoni. Bila yeye leo zingekuwa majivu, hilo silibishi na wazee wasilibishe. Lakini najiuliza yule bibi aliyekuwa akileta viatu aliambiwa nini siku mkokoteni ulipokuja. Kwenye vibao pale ukutani kuna jina la kijiji, karne na aina ya mti. Bibi hayupo.

Na usidhani zikishafika mjini zilitulia! Mwaka 1932 jumba likapewa kanisa kuu la Kugeuka Sura, lililokuwa limefungwa. Yaani sanamu zilizofukuzwa kanisani na kanisa, zikarudishwa kanisani na serikali isiyoamini Mungu, juu kabisa chini ya kuba. Nyuma ya kanisa, kwenye makaburi ya maaskofu, wakaweka bustani ya wanyama. Ndiyo, dubu juu ya maaskofu. Wakati wa vita, mji ukiitwa Molotov, ndipo hazina za Makumbusho ya Urusi zilipoletwa kufichwa zisipigwe mabomu huko Leningrad. Miaka yote hiyo mwokozi wetu ameketi na mkono shavuni. Halafu kanisa likadai jengo lake, na sasa jumba limehamia mahali palipokuwa kiwanda cha kukarabati vichwa vya treni. Viatu angevihitaji kweli.

Ninachokuambia ni kwamba makumbusho hulinda mti. Hilo wanaliweza kuliko sisi: joto linapimwa, mchwa hana nafasi. Ila kigango chetu si mti tu, ni mzee aliyekuja ndotoni akadai asimamishwe, na wewe unajua aliyemdai nani. Akisimamishwa chumbani Nairobi nyuma ya kioo, mnazi utamwagwa wapi, kwenye vigae? Pale jumbani nilimwona mama mmoja ametazama huku na huku, akapiga msalaba harakaharaka kama anayeiba. Mlinzi akajifanya hakuona. Mlinzi yule Mungu ambariki, lakini mambo ya ukoo yasitegemee mlinzi mwema.

Sisemi wakatae. Sijui... wewe uko hapo, mimi niko na koti kilo tatu. Ila wakikubali, waandikiwe: vinabaki vya ukoo, si vya jumba, wazee wana siku zao za kuingia, na vikitakiwa kurudi vinarudi. Na kwanza wajaribu uzio na mlinzi wa hapohapo, ile hela ya mnazi uliouzwa ipo?

Basi nijibu haya. Nani hasa aliyeleta wazo hili, ni Mzee Ngonyo au yule kijana wa Kilifi mwenye gari jeupe? Akina mama waliulizwa, au walipika chai tu? Kuna mtu amepiga picha za kila kigango na kuandika ni cha nani? Kama hakuna, mtume Dama Jumamosi na simu yake, mimi nitalipa bando. Kikao kijacho lini, na mnaweza kuniunganisha kwa simu hata kama ni usiku huku? Na yule mbuzi wangu amezaa au bado mnanificha?

Nduguyo,
Safari